Matuta ya Amri na Matuta ya Hiari

Mwishoni mwa Julai 1938, Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, wengine wakiwa na watoto mgongoni, walishika njia kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi, mwendo wa kilometa 60 na ushei. Hawakubeba silaha. Walikwenda kumwona Gavana wa Kenya, Sir Robert Brooke-Popham, wamtake awarudishie ng'ombe wao. Walipokosa jibu la kuwaridhisha hawakurudi nyumbani. Walipiga kambi mjini, wakakaa wiki baada ya wiki.

Ng'ombe hao walikuwa wamechukuliwa kwa jina la udongo. Serikali ya kikoloni ilishasadiki kwamba Ukambani inamomonyoka na kuishia mtoni, na kwamba dawa yake ni kupunguza mifugo, mwenye mifugo atake asitake. Kisa hicho ni mlango wa historia ndefu ya hifadhi ya ardhi katika Afrika Mashariki: historia ya matuta yaliyochimbwa kwa amri yakabomoka, na matuta yaliyochimbwa kwa hiari yakadumu, mara nyingine kwenye vilima vilevile.

Ripoti ya 1937

Mwaka mmoja kabla ya maandamano hayo, afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa ardhi ya Wakamba. Alichokieleza hakikuwa uzushi. Ukame wa 1928 na 1929, nzige waliofuata, kisha ukame mwingine katikati ya miaka ya 1930, viliacha vilima vya Machakos vikiwa wekundu mtupu. Mvua ya Ukambani huja kwa kishindo baada ya miezi mingi ya kiangazi. Ikikuta nyasi, hupungua nguvu na kuzama. Ikikuta ardhi tupu, matone huupigapiga udongo wa juu hadi ukajifunga, maji yakakosa pa kuingia, yakaanza kuteremka yakichukua kila kilicholegea. Mifereji midogo ya msimu mmoja ikawa makorongo ya kumeza ng'ombe.

Jambo ambalo watawala hawakutaka kulitazama ni namna watu na mifugo walivyofika kubanana kiasi kile. Mipaka ya rizavu, yaani eneo walilotengewa na serikali, ilikuwa imewafungia Wakamba ndani. Vilima vya Mua vilikuwa mikononi mwa walowezi, na nyanda za Yatta, zilizokuwa kimbilio la mifugo wakati wa ukame, zilihesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme. Mfugaji aliyezoea kuhama ili malisho yapumzike alilazimika kukaa mahali pamoja, kisha akalaumiwa kwa kuyamaliza.

Hofu ya watawala ilikuwa imechochewa pia na habari za mbali. Tarehe 14 Aprili 1935, wingu jeusi la vumbi lilifunika nyanda za kati za Marekani, ambako plau za matrekta zilikuwa zimefumua mbuga za nyasi ili kupanda ngano. Kabla ya mwezi huo kwisha, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo, na Hugh Bennett akakabidhiwa idara mpya ya kuisimamia. Maafisa wa Kiingereza mjini Nairobi na Dar es Salaam walizisoma habari hizo kwa makini. Kila korongo walilokutana nalo baada ya hapo lilionekana kwao kuwa mwanzo wa jangwa.

Hatua iliyochukuliwa Machakos ilikuwa ya haraka. Kila eneo lilipangiwa idadi ya ng'ombe, na waliozidi wakatakiwa kuuzwa mnadani. Wakamba walipogoma kuwaleta, ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ambayo wenyewe waliiona dhihaka. Karibu na hapo, Athi River, kampuni ya Liebig ilikuwa na kiwanda cha nyama kilichohitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Wakamba hawakuhitaji kuambiwa nani atafaidika.

Kiongozi aliyesikika zaidi alikuwa Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association. Serikali ilimkamata na kumpeleka uhamishoni Lamu. Lakini ilikuwa na sababu ya kuogopa kwenda mbali zaidi, kwa kuwa askari wengi wa King's African Rifles na wa polisi walikuwa Wakamba, na habari za nyumbani zilikuwa zikiwafikia kambini. Kabla ya mwaka kwisha, mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu uliachwa. Leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi unaitwa Muindi Mbingu.

Wakati huohuo, Umatengo

Mwaka huohuo wa 1938, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala fupi ya A. H. Pike kuhusu jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Wakati Nairobi inawindana na Wakamba kwa ajili ya makorongo, kusini mwa Tanganyika, katika milima ya Mbinga, kulikuwa na watu waliokuwa wakilima miteremko mikali kabisa bila sheria ya mtu yeyote, na udongo wao ulikuwa umetulia.

Wamatengo walisongamana milimani katikati ya karne ya 19, walipokimbia mashambulizi ya Wangoni. Huko juu hawakuwa na nafasi ya kulima shamba, kulichosha na kuhamia jingine. Njia waliyoitegemea inaitwa ngoro, na ingali hai.

Kazi huanza mvua zinapokaribia kwisha, mwezi Machi hivi. Wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, hadi mteremko mzima unakuwa miraba. Wanawake huingia na majembe. Kila mmoja husimama katikati ya mraba, huchimba udongo wa hapo alipo na kuufukia juu ya nyasi za pande zote nne. Akimaliza, mraba umekuwa shimo lenye upana wa mita moja hadi mbili, limezungukwa na kingo zenye nyasi tumboni. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo, na nyasi zinapooza chini yake huwa mbolea. Mahindi hufuata mvua mpya zinapoanza kuelekea Desemba. Ukiutazama mlima huo kutoka ng'ambo ya bonde, unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayana njia ndefu ya kuteremkia. Kila tone huingia shimo lililo karibu na kuzama, na tope lililochukuliwa hubaki humohumo. Kilimo kinachofuata, mashimo huhamishwa, na lile tope hurudi juu kuwa kingo mpya.

Tusiipambe ngoro kupita kiasi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na mgongo unaovunjika zaidi ni wa mwanamke. Lakini ilikuwa na kitu ambacho mipango ya serikali iliyofuata haikuwa nacho: anayechimba ndiye anayekula maharage, na huyala msimu uleule.

Enzi ya sheria ndogo

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilirudi kwenye makoloni yake na fedha, wataalamu na haraka mpya. Kenya iliunda bodi ya kuendeleza ardhi za Waafrika, na Machakos ikapata fungu kubwa. Tanganyika ilianzisha mradi wa Mlalo huko Usambara mwaka 1946, mradi wa Usukuma mwaka uliofuata, na ilipofika 1950 wa Uluguru. Lugha ya mipango hiyo ilifanana: kila kaya itachimba matuta kadhaa, itaacha kulima kandokando ya mito, haitachoma moto shamba. Asiyetii atatozwa faini au kufungwa. Msimamizi atakuwa chifu au jumbe, ambaye naye kibarua chake kinategemea idadi ya matuta.

Huko Murang'a, wanaume wengi walikuwa Nairobi na kwenye mashamba ya walowezi wakitafuta mshahara, kwa hiyo matuta yaliwaangukia wanawake. Mwaka 1947 mkutano wa hadhara wa Kenya African Union uliamua kwamba wanawake wasiende tena kwenye kazi hiyo ya lazima. Mwaka uliofuata wanawake kwa mamia waliandamana hadi makao ya wilaya wakiimba na kucheza, wakatangaza mbele ya maafisa kwamba hawatachimba. Huko Usambara na Usukuma pia manung'uniko yalienea, na chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 kilikuta vijiji vilivyokuwa tayari kukisikiliza.

Hakuna mahali ambapo mambo yaliharibika waziwazi kama Uluguru. Milima hiyo ni chanzo cha maji ya mto Ruvu, na wataalamu waliona kwamba mashamba ya miteremkoni yanauchafua mto na kuimaliza milima. Wakaamuru matuta ya ngazi. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Udongo mzuri wa Uluguru sehemu nyingi ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali, unaufukia ule udongo mzuri chini na kuuleta juu udongo mwekundu usio na rutuba. Mluguru aliyelazimishwa kuchimba alipanda mahindi yake kwenye tuta, akayalinganisha na ya kipande alichokilima kwa desturi yake, akaona ya kwenye tuta yamedumaa. Hapo hotuba ya bwana shamba haikuwa na la kumwambia.

Julai 1955, hasira ililipuka Matombo. Umati ulikusanyika kuupinga mpango huo, polisi wakaletwa, risasi zikafyatuliwa na mtu mmoja akafa. Mpango ulifutwa, matuta yakaachwa yaote magugu na kubomoka. Lakini upande wa pili wa milima hiyohiyo, Mgeta, kuna matuta yaliyobaki. Wakulima wa huko walikuwa wakipanda mboga za kuuza Morogoro na Dar es Salaam, nao walihitaji ardhi tambarare ya kumwagilia. Kabichi ililipia gharama ya tuta. Kwenye miteremko mingine waliendelea na ngazi zao za asili, wakikwangua magugu na kuyafunika kwa udongo kufuata mkingamo wa mlima.

Vilima vya Machakos vinageuka

Tuwarudie Wakamba, maana historia yao haikukomea Nairobi.

Miaka ya mwanzo baada ya vita, matuta ya Machakos yalichimbwa kwa zamu za lazima, chini ya jicho la chifu. Yalikuwa membamba, yamejengwa upesiupesi, na mengi hayakustahimili mvua nzito. Katikati ya miaka ya 1950 mambo mawili yalibadilika. La kwanza, utawala uliacha watu wafanye kazi kwa mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana shambani, wakichagua viongozi wao wenyewe na kuamua shamba la nani lianze. La pili, Wakamba waliruhusiwa kulima kahawa, zao ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limezuiwa ili walowezi wasipate washindani. Sharti lilikuwa kwamba kahawa ipandwe kwenye matuta mapana. Ghafla tuta lilikuwa na bei.

Tuta lililoshika zaidi Machakos linaitwa fanya juu. Wachimbaji hupima kwanza mstari usiopanda wala kushuka, kwa kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili na pimamaji katikati yake. Kisha huchimba mtaro kuufuata mstari huo, wenye kina na upana wa sentimeta 60 hivi, na udongo wote hurushwa upande wa juu wa mlima. Hapo ndipo kazi ilipo, maana kurusha udongo kwenda chini ni rahisi zaidi. Kati ya mtaro na tuta huachwa ukingo ili udongo usirudi shimoni, na juu ya tuta hupandwa nyasi za kulishika: makarikari, au mabingobingo ambayo Wakenya huyaita nepia. Baada ya hapo mvua humaliza kazi yenyewe. Kila inaponyesha, huteremsha udongo kidogo hadi kwenye tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba lililokuwa limeinama linalala. Mkulima hahitaji kufukua udongo mbaya kama wa Uluguru. Rutuba inabaki juu. Nyasi zilizopandwa kulinda tuta hukatwa kumlisha ng'ombe zizini, na samadi ya ng'ombe hurudi shambani.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, kwa watu wengi jembe la matuta lilikuwa kumbukumbu ya faini na viboko, na matengenezo yalilegea kwa miaka kadhaa. Kisha matuta yakarudi, safari hii bila karani wa kuhesabu. Umiliki wa mashamba ulikuwa umeanza kusajiliwa, bei ya kahawa ilikuwa na mvuto, Nairobi ilitaka mboga na matunda, na watoto waliosomeshwa walituma sehemu ya mishahara yao nyumbani. Kuanzia 1974, mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo ulioungwa mkono na Sweden ulileta wataalamu na vifaa. Vikundi vya mwethya, vingi vikiwa vya wanawake, vilizunguka kutoka shamba hadi shamba.

Mwaka 1991 watafiti walikwenda kusimama mahali palepale palipopigwa picha za uharibifu mwaka 1937, wakapiga picha nyingine. Waliovijua vilima vile zamani wasingevitambua: palipokuwa na makorongo pana miti, palipokuwa na mteremko mtupu pana ngazi za mahindi na kahawa. Matokeo yalitoka katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki mwaka 1994. Wilaya iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imekaribia milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yameongezeka. Wapo wasomi waliokipinga kitabu hicho, wakisema kimeupunguza mchango wa mishahara ya Nairobi na hakikuzitazama vya kutosha familia zilizobaki maskini, hasa sehemu kavu za Makueni. Hoja zao zina uzito. Lakini hata wao hawakusema kwamba matuta hayapo.

Kondoa: amri inapofaulu

Msomaji anaweza kuuliza: je, amri haijawahi kufaulu? Imewahi, na ni haki kuisimulia. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO. Eneo lililoathirika zaidi lilikuwa Kondoa, lenye makorongo ya kutisha na mito ya mchanga, ukubwa wake zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Matuta na miti havikutosha, na mwaka 1979 mifugo yote, zaidi ya vichwa 80,000, iliamriwa kuondoka katika eneo hilo.

Nyasi zilirudi. Vichaka vilirudi. Sehemu nyingi makorongo yalitulia, na mashamba yakafunguliwa kwenye mchanga wa mabonde. Macho ya afisa misitu yaliona ushindi. Ila familia zilikuwa zimepoteza maziwa, samadi na akiba yao ya siku mbaya, na ng'ombe waliohamishwa walikwenda kula malisho ya watu wengine. Ilipita miaka kumi ndipo ng'ombe wa kufungwa zizini wakaanza kuruhusiwa. Kondoa inathibitisha kwamba dola ikitaka inaweza kuotesha nyasi. Bili ya nyasi hizo ilibebwa na wenye mifugo.

Jembe linapumzishwa

Matuta huzuia maji yaliyokwisha kuanza kukimbia. Swali la kizazi chetu limerudi nyuma hatua moja: kwa nini maji yanakimbia kwanza? Jibu linaanzia kwenye plau.

Plau ya maksai, na baadaye diski za trekta, hugeuza udongo kwa kina kilekile kila mwaka. Chini ya kina hicho hujengeka tabaka gumu ambalo mzizi wa mhindi haulipenyi na maji hayaliteremkii. Juu, udongo uliogeuzwa huachwa uchi msimu wa mvua za kwanza, ambazo mara nyingi huwa kali. Miaka ya 1990 wakulima wa Babati na Karatu walilifahamu vizuri tabaka hilo. Mvua ilinyesha ya kutosha, mahindi yakakauka, na maji yakaonekana barabarani.

Tiba iliyoenea tangu hapo inaitwa kilimo hifadhi, na ina nguzo tatu: kutougeuza udongo, kuufunika mwaka mzima, na kubadilisha mazao. Badala ya plau, maksai hufungiwa chuma chembamba kinachopasua mstari mmoja tu wa kupandia na kulivunja lile tabaka, kama chombo cha Magoye kilichotoka Zambia. Asiye na maksai hutumia kijembe cha mkono cha kudondoshea mbegu kwenye shimo dogo, au huchimba mashimo kwa jembe la kawaida na kuacha ardhi nyingine ikiwa imelala. Mabua hayachomwi. Katikati ya mahindi hupandwa ngwara au mbaazi, ambazo hutandaza kivuli, huongeza naitrojeni na kumpa mkulima mboga na fedha. Mtandao wa Afrika wa kilimo hiki ulianzishwa mwaka 1998 na makao yake yako Nairobi, mji ambao mwaka 2005 ulipokea kongamano la dunia la kilimo hifadhi. Kule Dodoma, wazee waliozoea kuberega, yaani kukwangua magugu na kupanda bila kulima, walikuwa wakiitwa wavivu na mabwana shamba. Kuberega kunauacha udongo uchi, kwa hiyo si kilimo hifadhi kamili, lakini ile nguzo ya kwanza walikuwa nayo.

Kilimo hifadhi nacho kina kunguni wake. Msimu wa kwanza magugu huja kwa fujo, na asiye na fedha za dawa hupalilia zaidi kuliko mwaka aliolima. Mabua ambayo bwana shamba anataka yabaki shambani ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na katika vijiji vingi desturi ni kwamba baada ya mavuno shamba ni malisho ya wote. Mkulima anayeacha mabua yake humlishia jirani mifugo. Ngwara inapokosa soko, huachwa. Miradi mingi imepata wafuasi wakati mbegu na vifaa vinagawiwa bure, na wafuasi hao wakapungua gari la mradi lilipoondoka.

Hizo si dalili za ukaidi wa mkulima. Ni hesabu ileile aliyoifanya Mluguru alipotazama mahindi yaliyodumaa, na aliyoifanya Mkamba alipoona kahawa juu ya tuta. Kwa hiyo halmashauri inayotaka kuandika sheria ndogo ya kukataza kuchoma mabua ianze kwa kukaa na wanakijiji na kupatana nao mambo matatu: ng'ombe watakula nini Septemba, ngwara itauzwa wapi, na nani ana haki ya kulifungia shamba lake baada ya mavuno. Kijiji kikipata majibu hayo, wakulima wataacha mabua shambani bila kusubiri askari. Kisipoyapata, sheria hiyo itaishia pale yalipoishia matuta ya Matombo.